Balozi Asiyekuwepo

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, mwanamume aliyevaa koti la kijivu aliingia hotelini kwa mlango wa jikoni. Hakuwa mpishi, hakuwa mgeni wa hoteli, na hakuwa na miadi na mtu yeyote aliyekuwamo. Alikuwa na njaa. Hayo ndiyo yanayojulikana kwa uhakika kuhusu asubuhi hiyo, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza lolote, alipita katikati ya masufuria, akawaamkia wapishi kama mwenye mali, akatokea ukumbini upande wa chai.

Mtaani aliitwa Msomi. Jina hilo alilipata kwa kutembea na gazeti la lugha ya kigeni kwapani, gazeti lilelile kwa muda mrefu kiasi kwamba habari zake zilikuwa zimekwisha kuwa historia. Elimu yake rasmi iliishia pale karo ilipoishia. Ile isiyo rasmi ilikuwa bado inaendelea. Aliwahi kuuza kiwanja kilichokuwa chini ya maji, na aliwahi kukodisha ukumbi wa harusi usio wake kwa harusi mbili za siku moja. Inasemekana maharusi hao walielewana, na mmoja wa mashemeji akaoa upande wa pili, lakini hilo halijathibitishwa.

Juu ya jukwaa palikuwa na bango lililosema kwamba huo ulikuwa mkutano wa wahitimu wa Ufadhili, na kwamba ajenda ilikuwa ulezi wa kitaaluma na kujenga mitandao. Waliokuwamo walikuwa wamesomeshwa ng'ambo kwa fedha za mataifa kadhaa, kila mwaka kundi lake. Walirudi na shahada, na makoti mazito yasiyo na kazi, na tabia ya kusema "kule" bila kueleza ni wapi. Sasa waliotangulia walitakiwa kuwashika mkono waliofuata. Anayeshika mkono aliitwa mlezi. Anayeshikwa, hata akiwa na mvi na wajukuu, aliitwa mlelewa.

Msomi alichukua kitambulisho kimoja mezani, kile cha kuning'iniza shingoni, akakivaa kikiwa kimegeuka nyuma. Hakuna aliyeshangaa. Vitambulisho vyote vya shingoni hugeuka nyuma.

Alikuwa anatafuta keki tu. Lakini akiwa ameshika keki, aliona jambo. Daktari wa meno mmoja, mnene, mcheshi, alikutana na mhasibu mwenye miwani mbele ya birika kubwa la chai. Walikumbatiana. Waliitana ndugu. Waliulizana habari za watoto, na wote wawili wakajibu kwamba watoto wamekua. Kisha wakaachana. Daktari wa meno akaenda kulia mwa birika, akamnong'oneza mhudumu: "Yule bwana ni nani?" Mhasibu akaenda kushoto mwa birika, akamnong'oneza mhudumu wa pili swali hilohilo.

Msomi alisahau kutafuna.

Alichokiona kilikuwa hiki. Watu wote ukumbini walikuwa wamekuja kuonyesha kwamba wanafahamiana na watu. Kumwambia mtu "sikufahamu" kungekuwa kukiri mbele ya wenzako kwamba mtandao wako una tundu. Kwa hiyo hakuna aliyesema hivyo. Ukumbi mzima ulikuwa nyumba isiyo na mlango, na mbwa wa mlinzi alikuwa anatikisa mkia.

Alijaribu mara moja, kwa kipimo kikubwa kuliko vyote. Mwenyekiti wa chama alikuwa mwanamke mrefu, injinia wa mabomba ya maji, anayejulikana kwa kutosamehe bomba linalovuja wala mtu anayechelewa. Msomi alimwendea mikono ikiwa wazi.

"Injinia wangu. Bado unalalamikia lile dirisha lililokataa kufungwa?"

Mwenyekiti alimtazama. Kwa muda mfupi sana, uso wake ulikuwa uso wa mtu mkweli. Kisha ukapita.

"Ee, dirisha lile," alisema. "Nusura litugandishe."

"Ghorofa ya tatu."

"Ya tatu, mwisho wa korido. Tukiziba kwa magazeti."

Msomi akainua gazeti lake taratibu, bila neno. Mwenyekiti akapiga makofi. "Kumbe ni wewe uliyekuwa unaleta magazeti!"

Ni vizuri kueleza hapa kwamba Msomi hakuwahi kulala katika bweni lolote, la huku wala la kule. Lakini aliwahi kulala katika nyumba nyingi za kupanga, na alijua kwamba popote pale watu wanapolala kwa wingi pana dirisha lisilofungika.

Aliondoka hotelini akiwa mjumbe wa kamati ya ulezi.

*

Msomi aliishi kwa dada yake, na dada yake alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi kuondoka duniani, na bado alikuwa akimlea, kwani yeye hakujua kwamba kazi hiyo ina kamati. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa karakana. Palikuwa na meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja, redio juu ya kabati, na cherehani ya miguu, nyeusi, iliyorithiwa kutoka kwa mama yao. Redio ilikuwa inarudia michezo ya kuigiza ya zamani kila jioni, na dada alishona akiisikiliza. Aliupenda hasa ule wa Hakimu, mzee mwenye sauti nzito aliyekuwa akiwahukumu majirani zake bila kuwa na mahakama.

Msimu huo dada alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: sare za shule nzima ya msingi ya jirani. Mwalimu mkuu alikuwa ameleta vitambaa na sharti moja. Shule ikifunguliwa, sare ziwe tayari. Zisipokuwa tayari, kazi inahamia kwa fundi mwingine, mwaka huu na miaka yote. Dada alikuwa ameshakata sketi zote na kaptula zote. Zilibaki kushonwa.

Siku dada alipokwenda kununua uzi, Msomi aliibeba cherehani. Jirani alimwona na akamuuliza. Alijibiwa kwamba inapelekwa kutiwa mafuta. Ilipelekwa kwa mwenye duka la vitu vilivyotumika, barabara ya pili, ikabadilishwa kwa suti ya kijivu yenye kizibao, simu ya kifahari iliyopasuka kioo kidogo pembeni, na boksi la kadi za biashara zilizoandikwa *Katibu wa Mheshimiwa*.

"Mheshimiwa nani?" mwenye duka alikuwa ameuliza.

"Bado nafikiria," alisema Msomi.

Alipata jibu kwenye kikao cha kwanza cha kamati. Wajumbe walikuwa wamekaa nusu saa wakijadili nani awe mlezi wa nani, na ilikuwa imeonekana kwamba kila mtu alitaka mlezi mkubwa na hakuna aliyetaka mlelewa. Hapo Msomi akakohoa. Akasema kwamba hakutaka kulitaja hili mapema, lakini Balozi anarudi.

Kalamu zikawekwa chini.

"Balozi," akasema daktari wa meno, kwa heshima.

"Mwenyewe," akasema Msomi. "Wa kundi la kwanza kabisa. Ameniomba nimtafutie walelewa wachache. Wachache sana. Na mnajua ana neno katika Baraza la Dunia la Wahitimu. Nani aende, nani abaki."

Walikuwa wanajua. Tangu dakika hiyo wote walikuwa wanajua. Msomi alikuwa amejiandaa kumweleza Balozi huyo, kazi zake, nchi alizokaa, lakini hakupata nafasi. Mwenyekiti aliuliza kama Balozi bado anavuta kiko. Mhasibu akasema aliacha, kwa ushauri wa daktari. Daktari wa meno akasema yeye ndiye aliyemshauri. Mtu mmoja wa nyuma akakumbuka kwamba Balozi hapendi mikutano mirefu, na kikao kikafungwa mara moja kwa kumheshimu. Msomi alitoka pale akiwa na mtu kamili, ameumbwa na kamati, mrefu, mwembamba, mkali kidogo lakini mwenye moyo laini, na hakuwa amechangia hata kidole.

Sharti alilolitoa lilikuwa moja, na lilikuwa la busara. Balozi hapokei fedha. Fedha huzaa risiti, na risiti huzaa polisi. Balozi hupokea kumbukumbu ndogo tu, kitu chochote kitakachomfanya amkumbuke mlelewa wake. Kwa hiyo zikaanza kuja. Daktari wa meno alileta fimbo yenye kichwa cha fedha. Mhasibu, aliyesikia habari ya fimbo, alileta saa ya mkononi. Mwenyekiti, aliyesikia habari ya saa, alileta mashine ya kukorogea kahawa yenye vitufe vingi kuliko dashibodi ya ndege, akaeleza kuwa haombi upendeleo, anafuata tu utaratibu. Zikaja zulia, mikoba ya ngozi, shali, kalamu zenye visanduku vyake, na ua la plastiki ndani ya chungu, kutoka kwa mlelewa mmoja mwenye bidii lakini asiye na bahati. Zote zikapangwa katika karakana ya dada, pale cherehani ilipokuwa.

*

Dada hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtia Msomi wasiwasi kwanza.

Alikuwa amekwenda kwa fundi wa mashine, akaambiwa hakuna cherehani iliyoletwa. Kisha alipita barabara ya pili, akaiona dirishani, na kibao cha bei kimening'inizwa shingoni mwake kama kitambulisho. Alirudi nyumbani, akaketi kwenye kigoda katikati ya mashine ya kahawa na zulia, akachukua sindano, akaanza kushona sketi kwa mkono.

"Cherehani ya mama iko dirishani," alisema.

Msomi alieleza kwamba ni kwa muda tu. Alieleza mambo ya mitandao, na konekisheni, na jinsi mtu anavyowekeza kidogo ili apate kikubwa. Akaahidi cherehani mpya, ya umeme, inayotarizi yenyewe. Dada aliendelea kuchomeka sindano.

"Kwa mkono nitamaliza sketi ishirini hadi shule ifunguliwe," alisema. "Watoto wengine wavae nini, konekisheni?"

"Dada, baada ya Jumamosi. Nakuapia."

Kuhusu Jumamosi, ukweli ni huu. Siku hiyo wahitimu walikuwa wakutane hotelini kumpokea Balozi na kusikia walelewa aliowachagua. Msomi alikuwa amekodi gari dogo la mizigo limsubiri kwenye mlango wa jikoni, likiwa na zawadi zote ndani isipokuwa lile ua, na yote hayo aliyapanga kwa simu dada akishona kando. Angepanda jukwaani, angetangaza kwa huzuni kwamba Balozi ameugua ghafla akiwa ng'ambo, angepokea pole, na angetoka kwa nyuma. Alikuwa na tiketi ya basi la mchana kwenda mbali. Tiketi ilikuwa ya mtu mmoja. Cherehani haikuwamo katika mpango, wala dada.

Hotuba ya huzuni aliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja, kwa sababu nyumba haikuwa na kingine. Dada alishona akisikiliza. Redioni, Hakimu alikuwa anamhukumu mwizi wa kuku.

"Huyo Balozi," dada aliuliza bila kuinua kichwa, "ana mwili gani?"

"Mrefu. Mwembamba."

"Mabega?"

"Dada, hayupo."

"Nauliza tu. Mtu akitajwa mimi humpima."

Msomi akacheka. Akasema mabega mapana kiasi, mikono mirefu, mkao wa mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu. Akaongeza kwamba amezoea buluu iliyokoza. Kisha akarudia sentensi yake ya "kwa masikitiko makubwa" mpaka machozi yakaanza kuja yenyewe, na akaridhika.

Kwenye kigoda, dada alikuwa ameweka sketi pembeni.

*

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa. Walelewa watarajiwa walikaa mbele, kila mmoja akijifanya hajali. Msomi alisimama jukwaani na suti ya kijivu, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kwa masikitiko makubwa," alianza, na machozi yakaja kama yalivyofunzwa. Aliwaambia kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo Balozi alipatwa na maradhi ghafla, huko huko ng'ambo. Kwamba yuko kitandani. Kwamba maneno yake ya mwisho kabla ya kupewa dawa ya usingizi yalikuwa kuhusu walelewa wake. Mwenyekiti alitoa leso. Daktari wa meno aliinamisha kichwa na kusema, kwa sauti ya kusikika, kwamba alikuwa ameshamwonya kuhusu ini.

Mlango mkubwa ukafunguliwa.

Mzee aliyeingia alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mabega mapana kiasi. Alivaa suti ya buluu iliyokoza. Alitembea katikati ya viti bila haraka mpaka alipofika mbele ya jukwaa, akageuka kuwaelekea watu.

"Samahanini kwa kuchelewa," alisema. "Nilipokuwa nje ya mlango nimesikia kwamba naumwa. Nami nimesikitika kama ninyi."

Sauti ilikuwa nzito, ya taratibu, na ilifika mpaka nyuma bila kipaza sauti. Ukumbi mzima ukasimama.

"Mheshimiwa Balozi," alisema Mwenyekiti, na akamkumbatia. "Hujabadilika hata kidogo."

"Wewe umebadilika," alisema mzee. "Umekuwa Mwenyekiti."

"Sauti ileile," daktari wa meno aliwaambia waliokuwa karibu. "Hiyo ningeitambua hata gizani." Wengi walikubali. Kila mmoja alikuwa na hakika amewahi kuisikia sauti hiyo, mara nyingi, kwa miaka mingi, na kila mmoja alijua sababu: alikuwa anafahamiana na Balozi.

Msomi alibaki jukwaani. Katika watu wote waliokuwa mjini siku hiyo, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uhakika kwamba Balozi hayupo, na yeye peke yake ndiye asiyeweza kusema. Alishuka ngazi. Akainama sikioni mwa mzee huku akitabasamu kwa ajili ya umma.

"Mzee, wewe ni nani?"

"Balozi," mzee alisema kwa upole. "Uliza yeyote humu."

Hapo Msomi akaiona suti kwa karibu. Kola ilikuwa imekaa shingoni bila kosa. Matundu ya vifungo yalikuwa yamezungushwa uzi kwa namna anayoijua, kwa sababu alikuwa amevaa mashati yenye matundu hayo tangu utotoni. Wala hapakuwa na mshono hata mmoja wa mashine. Suti nzima ilikuwa imeshonwa kwa mkono, na mtu ambaye hakuwa na njia nyingine.

Mzee alikuwa ameanza kuzungumza. Alizungumza kwa muda mfupi, jambo lililothibitisha zaidi kwamba ni yeye. Alisema mlezi bora ni yule anayejua vipimo vya anayemlea. Alisema ameona zawadi zao, zimemgusa, na gari lake liko mlango wa jikoni tayari. Mwenyekiti, ambaye hakuacha kuitazama ile kola, aliuliza kama si vibaya kujua nani amemshonea. Mzee alimtajia fundi na mtaa, akaeleza na rangi ya mlango. Karibu kila mtu mbele aliandika.

"Jambo la mwisho," mzee alisema, akamgeukia Msomi kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. "Huyu bwana ni nani?"

Ukumbi ukamgeukia Msomi.

"Si katibu wako, Mheshimiwa?" alisema Mwenyekiti.

"Sina katibu. Simfahamu."

Kilichofuata kilishuhudiwa na watu wengi na maelezo yao yanafanana. Hakuna aliyetaka kuwa mtu anayefahamiana na mtu ambaye Balozi hamfahamu. Mhasibu alisogeza kiti chake. Daktari wa meno alisema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa anajiuliza. Msomi alitazama huku na huku, akamwona Mwenyekiti, akamshika kwa macho kama anayeshika ukingo wa paa.

"Injinia, si tulikuwa wote kule? Ghorofa ya tatu. Dirisha. Magazeti."

Mwenyekiti alijinyoosha mpaka urefu wake wote.

"Lile lilikuwa bweni la wanawake," alisema.

Watu wakashusha pumzi. Mtu mmoja akataja polisi, kwa sauti ya kawaida, kama anayependekeza chai. Mzee akainua mkono.

"Nadhani ninaelewa," alisema. "Niliagiza mpagazi wa kubeba mizigo. Labda amepotea njia akajikuta jukwaani. Kijana, wewe ndiye mpagazi?"

Msomi alifikiri. Hakufikiri sana.

"Ndiye mimi, Mheshimiwa."

"Basi beba."

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu ukumbini, lile ua la plastiki ndani ya chungu, ambalo lilikuwa limewekwa jukwaani kama pambo. Msomi alilibeba. Alimfuata mzee kupitia jikoni, katikati ya masufuria, na safari hii wapishi hawakumwitikia. Nje, gari la mizigo lilikuwa linanguruma. Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi dada yake, futi ya kupimia ikiwa imemzunguka shingoni.

Mzee alipanda, akaketi kando yake, akafunga mlango.

"Dada," alisema Msomi.

"Sisi tunapita barabara ya pili," alisema dada. "Kuna kitu dirishani. Wewe angalia usivunje chungu."

Gari likaondoka. Koti la kijivu la siku za njaa lilikuwa ndani yake, nyuma, chini ya zulia, na tiketi ya basi ilikuwa mfukoni mwa koti hilo.

*

Msomi alitembea mpaka nyumbani akiwa amekumbatia ua. Wapita njia wawili walimpa hongera.

Alipofika, cherehani ilikuwa mahali pake. Mwenye duka alikuwa ameitoa kwa mashine ya kahawa, saa na zulia, na akaona amepunja. Fimbo na vitu vingine navyo viliishia kwenye dirisha lilelile, kwa malipo yaliyotosha uzi, vifungo na zipu za shule nzima. Baadaye daktari wa meno alionekana akiinunua fimbo hiyo, akisema inafanana sana na aliyompa Balozi, na kwamba itafaa kumpa tena mwakani.

Dada alikuwa anakanyaga pedali. Sketi zilikuwa zinatoka upande wa pili moja baada ya nyingine. Redio ilikuwa wazi, na Hakimu alikuwa anamalizia hukumu.

"Simfahamu," ilisema redio, kwa sauti nzito, ya taratibu.

Msomi aliweka chungu chini. Aliitazama redio. Kisha aliitazama suruali ya mzee mmoja, mteja wa siku nyingi, iliyotundikwa ukutani ikisubiri kupunguzwa kiuno. Ilikuwa suruali ndefu. Mzee huyo alikuwa akija pale kila mwezi, na Msomi hakuwahi kumwangalia usoni, kwa kuwa wateja wa dada yake hawakuwa watu wa maana.

"Huyo si alistaafu?" aliuliza.

"Alistaafu," alisema dada. "Anasema kazi ameikumbuka. Suti nimempa, ndiyo malipo yake. Kaa hapo."

Alimsukumia kigoda, sindano, na debe la vifungo.

Jumapili ya wiki iliyofuata, alasiri, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, mlango uligongwa. Alikuwa Mwenyekiti, ana kitambaa cha buluu iliyokoza kwapani. Alisema ameelekezwa na Balozi, wanafahamiana kwa miaka mingi. Nyuma yake, nje, daktari wa meno alikuwa anaegesha gari, na mhasibu alikuwa anasoma namba za milango.

Dada alimkaribisha, akamsimamisha mbele ya kioo, akavuta futi. Mwenyekiti alitupa macho chumbani. Aliona marundo ya sare zilizokunjwa. Aliona ua la plastiki dirishani. Aliona mwanamume kwenye kigoda, ameinama, anashona kifungo cha kaptula, kidole cha gumba kimefungwa kitambaa.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Mlelewa wangu," alisema dada.

Mwenyekiti akanyoosha mkono. Msomi akasimama, akaupokea. Mwenyekiti alisema hawajawahi kuonana, na kwamba anafurahi kumfahamu.

Kisha akapimwa mabega.